Tyneham: waliaga kwa muda, ikawa moja kwa moja

Wiki hii nimezama maktaba, nikakutana na historia ya kijiji kimoja kidogo cha Uingereza ambayo haijanitoka kichwani. Kinaitwa Tyneham, kipo Dorset, kusini, karibu kabisa na bahari.

Ilikuwa Novemba 1943. Wakazi wakapata barua: jeshi linataka eneo lote kwa mazoezi ya vifaru, na kabla ya Krismasi wote wawe wameshahama. Mwezi mmoja tu! Watu kama 225 wa kijijini na vitongoji vya jirani, wakiwemo wavuvi wa Worbarrow, wakafungasha. Kwenye mlango wa kanisa ikaachwa karatasi ya kuwaomba askari watunze kanisa na nyumba, maana wenyewe wangerudi siku moja.

Vita ikaisha 1945. Wakangoja. Mwaka 1948 serikali ikaamua: eneo linabaki la jeshi. Basi, hadithi ikaishia hapo.

Sasa sikia linaloniuma. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Bond, wanakijiji wengi walikuwa wapangaji tu. Kwa hiyo fidia yao ilikuwa ya mboga walizoacha bustanini. Sisi tunaopanga vyumba mtaani tunalijua hilo: unaweza kuzaliwa mahali, ukazikia wazazi wako hapo, na bado kwenye makaratasi wewe si mtu.

Lakini tuwe wakweli, mwanahistoria hatakiwi kulia tu. Shule ya Tyneham ilikuwa imeshafungwa tangu 1932 kwa kukosa watoto. Kijiji kilikuwa kinapungua hata kabla ya vifaru. Halafu jeshi lilivyozuia ujenzi na kilimo cha kisasa, ndege na maua ya porini vikapata pa kupumulia. Leo kanisa na shule ni makumbusho, wageni wanaruhusiwa wikiendi nyingi za mwaka. Nyumba zimebaki kuta bila mapaa.

Ndiyo maana swali linanisumbua: tunasema urithi umehifadhiwa, je, umehifadhiwa kwa ajili ya nani, kama wenyewe hawakurudishwa? Kuta zimetunzwa, ila wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lile halikulipwa.

Haya, narudi kwenye kazi ya semina. Tuonane kantini!