MUME ANA NGUVU, MBONA HAKUNA MTOTO? HISTORIA YA MBEGU, YAI NA IZUMO



Ndugu zangu, huku kwetu Idodi, kwenye njia ya kwendea hifadhi ya Ruaha, ndoa ikipita miaka michache bila mtoto, lawama humwendea mtu mmoja. Mke huzungushwa kwa waganga, kisha hurudishwa kwao. Mume haulizwi. Analima, ana nguvu, usiku hana tatizo, basi ni mzima!

Dhana hii ni ya zamani sana. Aristotle, karne ya nne kabla ya kuzaliwa Isa (a.s.), alifundisha kuwa umbo la mtoto hutoka kwa baba, mama hutoa malighafi tu. Sisi tunayo hadithi ya Ummu Sulaym, ambamo Mtume (s.a.w.) alithibitisha kuwa mwanamke naye ana maji yake, na ndiyo maana mtoto hufanana na mama. Ulaya walichelewa. Mwaka 1677 Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa huko Delft, aliona mbegu za kiume kwa hadubini yake. Badala ya kusaidia, jambo hilo likawapa wengine kiburi: mwaka 1694 Hartsoeker akachora mtu mdogo amejikunyata ndani ya kichwa cha mbegu! Mwanamke akawa mfuko wa kubebea tu.

Yai la mamalia lilitambuliwa mwaka 1827, na von Baer, kwa mbwa jike. Mwaka 1876 Oscar Hertwig akaeleza jinsi mbegu na yai vinavyoungana, kwa kutazama mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima.

Lakini mbegu ikishafika, hushikana vipi na yai? Hapa palihitaji subira. Mwaka 2005 Inoue, Okabe na wenzao wa Chuo Kikuu cha Osaka walitangaza protini iliyo kwenye kichwa cha mbegu, wakaiita Izumo, jina la hekalu la Kijapani linalohusishwa na ndoa. Walizalisha panya dume wasio na protini hiyo. Sasa sikilizeni vizuri. Panya wale walikuwa wazima, walipanda majike, mbegu zao ziliogelea na kupenya ganda la nje la yai. Zikafika mlangoni, zikashindwa kuungana. Hawakuzaa. Majike waliokosa protini hiyo hiyo walizaa kama kawaida. Na mbegu za binadamu, Izumo yake ilipozibwa maabara, nazo hazikuungana na yai.

Mwaka 2014, Uingereza, Bianchi na Wright wakapata mwenzake upande wa yai: Juno. (Wamelipa jina la mungu wa Kirumi, sisi tunachukua elimu, jina tunawaachia.) Panya jike asiye na Juno hazai. Mbegu moja ikishaingia, Juno huondoka kwenye utando wa yai ndani ya dakika 40 hivi, na nyingine hazipati pa kushika.

Kwa hiyo kila upande una kufuli lake, na nguvu za kitandani haziliamui hilo. Kipimo cha kawaida cha hospitali huhesabu mbegu, hutazama umbo na mwendo wake. Izumo hakiioni. Mume aliyerudi na karatasi safi ana habari njema, lakini karatasi hiyo haijasema kuwa tatizo ni la mke. Na aliyekataa kabisa kupimwa hana hata hiyo karatasi ya kumrudishia binti wa watu kwao.

Wallahu a'lam.