Gari la McGee na Rangi ya Sanduku Letu

Marehemu ami yangu alitoka Unguja mwaka 1964, akapita Dar es Salaam na London kabla ya kutua Los Angeles, na huko akaishi kwa ufundi wa magari hadi mikono ilipomkatalia. Aliacha vitu viwili ambavyo wanawe hawakujua wavifanyeje: sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, na rundo la majarida ya magari. Ugomvi wa sanduku haujaisha, nami nitaurudia. Kwanza nieleze habari za gari moja nililolijua kwa sababu ya majarida yale.

Ni Ford ya mwaka 1932, ya milango miwili na isiyo na paa la chuma. Wapenzi wa magari huliita gari la McGee. Ni katika aina ile ambayo Wamarekani huiita hotirodi, yaani gari kuukuu la bei nafuu lililovuliwa kila kisichohitajika, likashushwa chini na kutiwa nguvu kuliko alivyokusudia aliyeliunda.

Kwa nini mwaka 1932? Mwaka huo Henry Ford alitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya ukubwa wa lita 3.6 hivi na nguvu za farasi 65. Injini za namna hiyo zilikuwa anasa ya matajiri. Yeye aliweza kuisubu bloku yake kwa kipande kimoja cha chuma, na bei ikashuka hadi kufikiwa na mtu wa kawaida. Miaka michache baadaye magari hayo yalikuwa yamechoka na kuuzwa rahisi, na vijana wa California wakayanunua. Waling'oa madigadi ili kupunguza uzito, wakaongeza kabureta, wakayapeleka kwenye maziwa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare kama sakafu. Tangu mwaka 1937 walikuwa na chama chao, SCTA, kilichosimamia mashindano na kupima mwendo.

Vita Vikuu vya Pili vikawasomba wengi wao. Waliorudi walirudi wakijua kuchomelea, kukereza chuma na kusoma michoro ya mitambo. Bob McGee alikuwa miongoni mwa askari waliorejea. Alilijenga gari lake kwa unadhifu usiokuwa wa kawaida: bawaba za milango zilifichwa, mistari yake ikanyooka, hakuna kilichoning'inia. Mwezi Oktoba 1948 lilitokea kwenye jalada la jarida la Hot Rod, lililokuwa limeanzishwa na Robert Petersen mwezi Januari mwaka huohuo. Jambo hilo halikuwa dogo. Siku zile magazeti yaliwataja vijana hao kama wahuni wa barabarani, na picha ile iliwaonyesha wasomaji kazi ya fundi, si ya mhuni. Ami yangu, ambaye alijua maana ya kutazamwa kwa jicho baya katika nchi ya watu, alilihifadhi jarida lililochapisha upya picha hiyo ndani ya mfuko wa nailoni.

Katika miaka ya 1950 gari lilimwangukia Dick Scritchfield, mmoja wa waasisi wa klabu ya L.A. Roadsters. Naye hakuliweka kama kumbukumbu ya mtu mwingine. Alilibadilisha rangi, akalibadilisha injini, akalitembeza, likaonekana katika filamu na vipindi vya televisheni. Mwaka 1970, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, liliweka rekodi ya daraja lake kwa mwendo wa maili 167.21 kwa saa.

Baadaye lilinunuliwa na Bruce Meyer, mkusanyaji wa Los Angeles. Ndiye aliyekuwa na gari la Doane Spencer, Ford nyingine ya mwaka 1932, lililoshinda mwaka 1997 pale maonyesho ya Pebble Beach yalipofungua kwa mara ya kwanza daraja la hotirodi, katikati ya magari ya kifahari ambayo wenyewe wasingewahi kuwafungulia geti vijana wale. Meyer akaamua gari la McGee lirudishwe katika hali ya mwaka 1948. Leo limo katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani.

Hapo ndipo pananisumbua. McGee alikuwa nalo kwa miaka michache. Scritchfield alikaa nalo miongo. Kulirudisha kwa McGee ni kufuta kwa msasa umri mrefu wa mwenziwe, pamoja na ile rekodi ya Bonneville, ambayo haikuwekwa na gari lenye sura hii tunayoiona sasa. Hata hivyo, namwelewa Meyer. Picha ya mwaka 1948 ndiyo iliyolifanya gari hili kuwa la watu wote, na bila picha hiyo huenda pasingekuwa na wa kuligharamia.

Wazee wetu walikutana na jambo kama hili upande wa pili. Sultana, merikebu ya Sayyid Said, ilitia nanga New York mwaka 1840 ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman, ikiwa imechakaa kwa safari. Serikali ya Marekani iliifanyia matengenezo makubwa kwa gharama yake katika karakana ya jeshi la majini. Sijapata kusikia mtu wa Unguja akisema kwamba iliyorudi haikuwa Sultana.

Sasa sanduku. Liliundwa kwa mti wa msaji, likatoka Unguja na bibi, likakaa Maskati miaka kumi na moja kabla ya kuletwa kwa ami. Huko Maskati shangazi alilipaka rangi ya kijani, kwa kuwa nyumba ilikuwa mpya na alitaka kitu kimoja kifanane na milango. Binamu zangu wanataka kijani kikwanguliwe, mti uonekane kama bibi alivyouona. Shangazi yu hai, ana miaka themanini na minne, na hajaulizwa.

Nimewaambia wasubiri. Idi ijayo tutampigia simu ya video, tumwonyeshe sanduku, kisha tumsikilize.