Barabara ya Samora na Askari Asiye na Jina

Bibi yangu hajawahi kufika Dar es Salaam, lakini siku niliyofunga begi langu alinituma huko kama mtu anayemtuma mtoto dukani. "Mjukuu wangu," aliniambia, "nasikia mjini liko sanamu la askari wa vita vya Wajerumani. Ukifika, niangalizie kama jina la babu yangu limeandikwa."

Babu huyo wa bibi alikuwa mpagazi. Mwaka 1917 Waingereza walikuwa wanamfukuza Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, kuelekea kusini, na jeshi lao lilihitaji chakula na risasi kila siku. Magari yalinasa kwenye tope. Farasi na punda waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Wakapita vijijini kukusanya wanaume, na kwetu, kando ya Mto Pangani, wakafika pia. Babu yake bibi akaondoka na nguo aliyovaa. Hakurudi. Hakuna barua iliyokuja, hakuna kaburi, wala tanga halikuwekwa, maana tanga la mtu ambaye hamna hakika kama amekufa mtaliweka vipi?

Mimi nilikuwa na safari yangu mwenyewe. Ndani ya begi nilikuwa na kaunta buku yenye riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa miaka miwili tangu nimalize kidato cha nne. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja nikapewa jibu ambalo sisi wote wa kalamu tunalijua: acha nakala, tutakuita. Nakala ya pili sikuwa nayo, kwa hiyo nikarudi na kaunta buku yangu kwapani. Mkononi nilikuwa na siku moja, usiku mmoja na agizo la bibi. Nikaamua kuitembea Barabara ya Samora kutoka mwanzo mpaka mwisho.

MTAA UNAOBADILI SHATI

Nilianzia Mnara wa Saa, pale Samora inapokutana na Uhuru na Nkrumah. Mnara wenyewe si mrefu, na ukizungukwa na pikipiki na mikokoteni unaweza kuupita usiuone. Ulijengwa 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, siku zile zile za Uhuru. Kwa hiyo ukianzia hapo unaanzia kwenye sherehe.

Lakini barabara ni kongwe kuliko sherehe. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakaja wakaigeuza kwa lugha yao, ikawa Acacia Avenue. Tulipojitawala ikawa Independence Avenue. Kisha tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji ikaanguka Mbuzini, Afrika Kusini, naye akafa. Leo mtaa una jina lake.

Na jina hilo halikuokotwa. Frelimo ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, Juni 1962. Samora alifika mwaka uliofuata, kijana muuguzi aliyetoroka kwao kwenda kujiunga na vita. Kiongozi wa kwanza wa Frelimo, Eduardo Mondlane, aliuawa katika jiji hili kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, tarehe 3 Februari 1969. Samora akashika uongozi, na 1975 akawa Rais wa kwanza wa nchi yake. Leo konda anapopiga kelele "Posta, Posta!" hamfikirii hata mmoja wa hao, na simlaumu. Ila najiuliza: mtaa uliovaa majina manne ndani ya miaka isiyofika mia moja, unamkumbuka nani hasa?

VITABU, KAHAWA NA VIBARAZA

Ukiiacha saa nyuma, Samora ya mchana ni msongamano mtupu. Wauza soksi, wauza chaja, wapiga viatu rangi, mawakili wenye tai, mama wa chakula na mahotipoti yake. Ghorofa za vioo zimebanana na majengo ya zamani yenye kuta nene na vibaraza, na kila mwaka vibaraza vinapungua. Wakubwa watakusimulia mkahawa wa Salamander, pale karibu na Mkwepu, ambako watu walikaa kibarazani na kikombe kimoja cha kahawa mpaka jioni. Jengo lile limebomolewa. Ukiuliza lilikuwa wapi, utaonyeshwa ghorofa.

Sisi tunaotaka kuandika tuna sababu yetu ya kuupenda mtaa huu. Hapa ndipo lilipokuwa duka la vitabu la Tanzania Publishing House, shirika ambalo 1972 lilishirikiana na wachapishaji wa London kukitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha nyuma Afrika. Rodney alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilichosomwa dunia nzima kiliandikwa hapa na kutoka na anwani ya hapa. Nilipowakuta wauza vitabu vya mitumba wametandaza bidhaa yao chini nilichuchumaa karibu saa nzima. Nilinunua kimoja kisicho na jalada, na jina la mwandishi limechanika pamoja nalo. Ndiyo kwanza nikajua siku yangu yote ingekuwa ya majina yaliyokosekana.

ASKARI

Kisha unafika kwenye mzunguko, Samora inapokatana na Azikiwe na Maktaba, na hapo katikati ndipo anaposimama. Ni askari wa shaba nyeusi, yuko juu ya jiwe, ameinama kidogo mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Alichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kuzinduliwa 1927. Nairobi na Mombasa nao walipata sanamu zao miaka hiyo hiyo, kwa ajili ya vita hivyo hivyo.

Wazee wa mji hulijua kwa jina jingine: Sanamu la Bismini. Mimi nikilisikia jina hilo namsikia mtu aliyetangulia kusimama mjini hapa, Hermann von Wissmann. Wajerumani walimsimamisha Dar es Salaam mwaka 1909. Huyu ndiye aliyeletwa kuzima vita vya Abushiri huko kwetu pwani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na hakuna mtoto wa Pangani asiyeijua habari hiyo. Katika sanamu lile Wissmann alisimama juu kabisa, na chini miguuni pake alikuwepo askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua macho. Waingereza walipoingia Dar es Salaam, Septemba 1916, waling'oa lile sanamu wakalichukua. Mwaka 1922 likasimamishwa tena Hamburg, Ujerumani, mpaka wanafunzi wa chuo kikuu cha huko walipolivuta kwa kamba na kuliangusha, 1967 na tena 1968.

Tazama basi mzaha wa historia. Mzungu kaondoka, askari kapanda juu. Nilipokuwa nasoma habari hii nilifurahi, nikasema huu ni ushindi. Lakini sanamu la Wissmann lilikuwa na jina lake. Huyu wetu hana.

Nilizunguka jiwe lile pande zote huku madereva wakinipigia honi. Maandishi yapo, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na herufi za Kiarabu pia. Maneno yake yalitungwa na mshairi wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Yanawataja askari wenyeji, yanawataja na wapagazi, na yanaahidi kwamba aliyekufa vitani, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nikatafuta hayo majina. Nikarudia tena. Hakuna hata moja! Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa upande wao, wengi kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, na jiwe linasema majina yao yatakumbukwa bila kutaja lolote.

Alama yao kubwa iko kwingine kabisa, umbali wa kutembea kwa miguu. Kambi ya wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, ilikuwa pale ambapo leo tunanunua nyanya na mashati. Midomo yetu ikalilainisha neno likawa Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu wanawataja wapagazi bila kujua kwamba wanawataja.

USIKU NA PA KULALA

Giza likaingia nami sina pa kulala. Nilijaribu hoteli moja ya vioo, nikitaka kuuliza bei tu nipate cha kuandika. Mlinzi alinitazama viatu akanijibu kabla sijauliza.

Hoteli na historia katika eneo hili ni ndugu. New Africa ya leo imesimama mahali pa hoteli ya Wajerumani iliyoitwa Kaiserhof. Miaka ya 1960 kibaraza cha New Africa ya zamani kilikuwa bunge la pili la Afrika: wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika Kusini walikaa hapo, na waandishi wa habari wakikaa meza ya jirani, na wapelelezi meza ya tatu, wote wakiagiza bia. Mwaka 1965 ikafunguliwa Kilimanjaro upande wa baharini, na wakubwa wakahamia huko. Watu wa mfuko wangu huenda Kisutu na mtaa wa Libya. Nilipata gesti kwa sh. 25,000, kitanda, feni na chandarua chenye tundu moja. Nilimshukuru Mungu.

Sikulala mapema. Nilisikia sana habari za usiku wa Samora, nikataka kuuona. Ndugu zangu, usiku wenyewe umehama! Zamani kulikuwa na sinema mjini kati, Empire, Avalon, Empress, watu wakitoka onyesho la mwisho wakitembea kwa makundi. Baadaye kizazi cha kaka zetu kilikuwa na Bilicanas, pale Mkwepu, disko ambalo kijana wa mkoani alilisikia kabla ya kuisikia bahari. Ilifungwa 2016. Sasa maduka yakishusha mageti, raha inakwenda Sinza, Kinondoni na Masaki, na Samora inabaki na walinzi, paka na taa.

Saa tano usiku nilijikuta tena kwa askari. Bila magari alionekana mkubwa zaidi. Nilikuwa nasoma maandishi kwa tochi ya simu, mzee mmoja mlinzi wa jengo la jirani akaniita.

"Kijana, unasoma nini usiku huu?"

"Shikamoo, mzee. Natafuta jina."

"Marahaba. Jina la nani?"

Nikamweleza. Alinyamaza kitambo, akasogeza rungu lake pembeni nikae kwenye benchi. "Watu wanapiga picha hapa kila siku," akasema. "Wengine wanafunga ndoa wanakuja na shela. Jina sijapata kuulizwa." Kisha yeye mwenyewe akaniambia kuwa kwao Songea kuna mzee aliyechukuliwa vilevile. Jina lake akalitaja taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka lilikaa wapi mdomoni.

MWISHO WA BARABARA

Asubuhi nilimalizia kipande kilichobaki. Huku mwisho Samora inatulia, miti inarudi, na unaikuta bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani. Hapo unakata Mtaa wa Shaaban Robert, ambako ndiko iliko Makumbusho ya Taifa. Nilisimama kwenye kibao cha mtaa huo nikapiga hesabu. Shaaban Robert alizaliwa Tanga mwaka 1909, mwaka ule ule waliomsimamisha Wissmann. Hakuwahi kuamrisha jeshi wala kumnyonga mtu. Alikuwa karani wa serikali anayeandika jioni. Leo Wissmann amefungiwa stoo kwao, na Shaaban ana mtaa mjini. Nikaikaza kaunta buku yangu kwapani, nikaenda kupanda basi.

Bibi alinipokea akichagua mchele. Hakuniuliza habari za riwaya.

"Limo?"

"Halimo, bibi. Hakuna jina la mtu yeyote."

"Na ahadi waliyoandika?"

"Ahadi imo."

Aliendelea kuchagua mchele, kokoto moja, kokoto mbili. Halafu akasema, "Basi tusimngoje tena. Ijumaa tumsomee hitima."

Ijumaa ile ubani ulifukizwa, mkeka ukatandikwa uani, na kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka mia moja jina lake likatajwa mbele za watu akaombewa kama maiti wengine. Jina hilo silitaji hapa, maana bibi kasema ni la dua kwanza, la magazeti baadaye. Lakini dua ilipokwisha, na watu wakiwa bado wanakula, mzee mmoja akasafisha koo akasema kwao naye kuna mtu aliondoka mwaka ule. Mama mmoja akasema na kwao.

Nikaingia ndani nikachukua ile kaunta buku. Niliigeuza, nikafungua ukurasa wa nyuma ambao haukuwa na riwaya, nikaandika majina matatu. Nikakumbuka benchi la mlinzi, nikaongeza la Songea. Yakawa manne.

Mwandishi mwenzangu unayesoma hapa, nawe kamuulize bibi yako.