Makrofaji na Ugonjwa wa Baridi Yabisi
Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanazoolojia Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi katika lava wa kiti cha pwani, kiumbe kiangavu kama kioo, na kesho yake akakuta seli zimeizingira miiba hiyo. Seli kubwa za jamii hiyo, zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli mfu, aliziita makrofaji, yaani walaji wakubwa, na mwaka 1908 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Lakini kikulacho ki nguoni mwako: katika baridi yabisi, ambapo kinga hushambulia viungo vya mwili wenyewe, makrofaji zilizojazana kwenye utando wa kiungo humwaga TNF, protini ichocheayo uvimbe, ambayo Marc Feldmann na Ravinder Maini, London, walianza kuizuia kwa wagonjwa mwaka 1992.