Mto Msimbazi na Sisi Wavamizi

Kila mvua kubwa ikipiga Dar es Salaam utasikia maneno mawili yakifuatana kama kurwa na doto: mafuriko na wavamizi. Mafuriko ni ya Jangwani, Mchikichini, Kigogo, Hananasifu. Wavamizi ni sisi tuishio huko. Basi, ndugu msomaji, nataka tuulizane nani alimvamia nani, maana mimi ninayetamani kuandika riwaya ya bonde hili siwezi kuanza sura ya kwanza bila kulijua hilo.

Mto wenyewe si mkubwa. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unateremka kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unakata Barabara ya Morogoro pale Jangwani, halafu unaingia baharini chini ya Daraja la Salenda. Kiangazi ni kijito cheusi chenye harufu, na watoto wanauruka. Lakini pale Jangwani ardhi ni bapa kama sinia. Maji yaliyokuwa yanakimbia kutoka Pugu yakifika hapo yanapoteza kasi, yanaubwaga mchanga na mataka yaliyoyakokota njiani, na kina cha mto kinazidi kupungua. Sasa ikitokea bahari nayo imejaa saa hizohizo, mto unakosa pa kutokea. Unageuka na kuingia vyumbani.

Mashabiki wa mpira wanalijua hili kuliko wanajiografia. Klabu ya Yanga ina makao yake Jangwani, na uwanja wake wa Kaunda ukijaa maji, watani wao wa Simba huwaita vyura. Na kwa kuwa Simba wenyewe ndio wanaoitwa wana Msimbazi, kwa jina la mtaa wao, basi kila masika Msimbazi inaifunga Jangwani bila refa. Utani mtamu, bwana, ila anayecheka sana aghalabu analala ghorofani.

Pwani yetu si pwani ya vimbunga sana, lakini si kwamba havijafika. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na hapa Dar tulikaa usiku kucha tukisikiliza mabati. Haya ni mambo ya miaka mingi kupita. Adui wetu wa kila mara ni mvua ya kawaida, masika na vuli.

Turudi kwenye uvamizi. Wakati wa Mwingereza mji huu uligawanywa kwa rangi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, kisha Magomeni na Ilala, kandokando ya bonde. Ramani ya mipango miji ya 1979 ikasema bonde la Msimbazi ni eneo la hatari, lisijengwe. Sawa. Lakini sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,000 hivi Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Hao wote walipewa viwanja wapi? Mtu ametoka Tabora au Mtwara, anabeba mizigo Kariakoo, hana nauli ya kwenda na kurudi. Anatafuta chumba pa kutembea kwa miguu, na chumba rahisi kiko bondeni. Balozi wa nyumba kumi anampokea. Mita ya umeme inafungwa. Kodi ya jengo inadaiwa na risiti inatolewa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mvamizi, mpaka siku maji yalipoingia.

Siku hiyo kwa kizazi changu ni Desemba 2011. Nchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru, hata mapambo hayajashushwa. Tarehe 20 ikaanza kunyesha, na tarehe 21 pekee zikapimwa zaidi ya milimita 150. Wataalamu wa hali ya hewa walisema mvua ya namna ile haikuonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 wakafa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka watu juu ya mapaa, na nakumbuka kilichofuata jua lilipotoka: bondeni kote watu walianika karatasi. Si nguo, karatasi! Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, picha, mikataba ya kununua nyumba iliyoandikwa kwa peni ya wino. Wino umekwisha kimbia, karatasi zimebaki na madoa ya buluu. Baadaye ukiambiwa lete uthibitisho kwamba nyumba ni yako, utaleta nini?

Serikali ikagawa viwanja Mabwepande, mbali huko upande wa Bunju. Wengine wakahamia kwenye mahema, wakajenga, wapo hadi leo. Wengine wakapiga hesabu ya nauli na biashara ya maandazi, wakarudi palepale. Mwishoni mwa 2015 ukaja rangi nyekundu, alama ya X ukutani, na matingatinga Mkwajuni. Lakini karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ilijengwa hapohapo Jangwani, na mabasi yakaja kuzingirwa na maji. Sikumbuki kusikia redioni kwamba mabasi ni wavamizi.

Tangu 2022 kuna mradi mkubwa wa bonde kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200: kuinua daraja la Jangwani, kuchimba mto, kuwalipa watu fidia wahame, kisha kupanda miti na kufanya bustani. Sina ugomvi na bustani. Nyumba zimebomolewa, na safari hii wengi wameondoka na pesa mkononi.

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, fidia yake aliinunulia kiwanja Kinyerezi, mlimani, anasema hataki tena kusikia mto. Amekata mikorosho miwili, amesakafia ua kwa saruji, na maji ya bati lake ameyachimbia mfereji mzuri hadi kwenye korongo. Nilipomtembelea nilimuuliza korongo lile linakwenda wapi. Akanyoosha mkono kuelekea Tabata.