Korongo taji: lishe na mmeng'enyo kifungoni

Korongo taji, kwa jina la kisayansi Balearica regulorum, ni ndege wa vinamasi na nyanda za majani, mwenye kishungi cha dhahabu, kimo cha takriban mita 1 na uzito wa kilo 3 hadi 4. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, una vinamasi vya kutagia na mashamba ya kuokotea chakula. Mkulima wa mahindi humwona mwizi wa mbegu. Kwingineko Afrika Mashariki, hoteli na nyumba za wenye uwezo zimemfanya pambo la bustani, na hapo ndipo tumbo lake linapoanza taabu.

Porini hula huku akitembea: hukwanyua mbegu za majani, huokota punje, hudonoa panzi, minyoo na vyura, na hupiga ardhi kwa miguu ili wadudu waruke. Chakula hicho hulowa asidi katika tumbo la tezi, kisha hushuka kwenye firigisi, ambayo hukisaga kwa changarawe alizomeza. Kwenye ua uliosakafiwa changarawe hazipo, lakini misumari, vipande vya waya na sarafu vipo, naye huvimeza. Firigisi ikiminya, ncha ya waya hutoboa ukuta wake. Zinki iliyopakwa juu ya waya nayo huyeyuka kwa asidi na kuingia kwenye damu. Ndege huacha kula na kukonda, na mfugaji hudhani ni minyoo.

Hatari ya pili ni ukarimu wa jikoni. Ugali humshibisha, ila mahindi yana protini karibu asilimia 9 tu, hayana laisini ya kutosha, ambayo ni kijenzi cha protini, na kalisi yake ni kidogo mno, hivyo mifupa hulainika. Chakula cha kuku wa mayai kina kasoro kinyume chake: kalisi yake ni nyingi kupita kiasi kwa ndege asiyetaga, na huumiza figo. Makinda yakilishwa protini nyingi bila kutembezwa hunenepa haraka kuliko miguu inavyokomaa, ikapinda. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai hata yakipikwa, kwa sababu moto wa jikoni hauondoi sumukuvu inayoharibu ini.

Kwa taabu hizi zote, bora arudishwe porini. Rwanda ilianza mwaka 2014 kuwasajili korongo waliofugwa majumbani, wakazidi 200. Walioweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Akagera. Waliokatwa mabawa walitengewa kinamasi cha Umusambi, Kigali.

Anayelazimika kumtunza ampe tembe zenye protini karibu asilimia 20, mboga za majani na wadudu, pamoja na changarawe safi. Kiasi fulani kitawanywe nyasini ili ndege atembee akitafuta. Aliyezoea makombo huzikataa tembe mwanzoni, kwa hiyo vyakula vichanganywe na makombo yapunguzwe kidogo kidogo, huku akipimwa uzito.