Jinsi Mwezi unavyotawala maji ya bahari

Kujaa na kupwa kwa bahari hutokana na mvutano wa Mwezi na Jua. Ingawa Jua ni kubwa mno, liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, ilhali Mwezi uko takriban kilomita 384,400 tu. Kwa ukaribu huo, athari ya Mwezi kwa maji ni zaidi ya maradufu ya ile ya Jua.

Maji hufura upande wa Dunia unaouelekea Mwezi, na pia upande wa pili, ambako mvutano huo ni hafifu zaidi. Hivyo, kwingi maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25.

Mwezi uandamapo au uwapo mpevu, huwa katika mstari mmoja na Jua na Dunia, nalo bamvua hutokea. Ukiwa nusu, huwa maji mafu. Mjini Mombasa, maji ya bamvua huweza kupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 hivi. Kwa hiyo, anayetafuta pweza mwambani hana budi kurejea pwani mara maji yaanzapo kujaa.